Unafunga na unapiga chuma? Tuanze na sahani

Wanaokuja kwangu wakitaka kufunga kwa vipindi, yaani kula ndani ya saa chache tu za siku, huku wananyanyua vyuma wako makundi mawili. La kwanza linaogopa: ukikaa saa 16 bila kula, mwili utaanza kutafuna misuli yake wenyewe. La pili limeshashawishika kwamba kufunga kunapandisha homoni ya ukuaji na kusafisha seli, kwa hiyo mafuta yatayeyuka na misuli itabaki. Mimi ni mtaalamu wa lishe, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni watu wa jimu. Kwa ninavyoona, wote wawili wanahesabu saa wakati kinachoamua ni kile kinachopakuliwa.

Usiku ukilala bila kula, mwili huchota sukari iliyohifadhiwa kwenye ini, tunayoiita glaikojeni, ili kulisha ubongo na damu. Ile iliyo kwenye misuli haitoki kwenda kusaidia kwingine. Inakaa humo humo ikisubiri msuli wenyewe ufanye kazi. Ndiyo maana aliyekula vizuri jana usiku anaweza kupiga skwati asubuhi bila kutia kitu kinywani na bado akafanya seti zake. Protini ya misuli nayo inavunjwa na kujengwa muda wote, hata sasa unaposoma. Ukiwa na njaa kuvunja kunazidi. Ukila protini, kujenga kunazidi, hasa kama umetoka kunyanyua. Saa chache za kuvunja kuzidi hazikumalizi, mradi hesabu ya siku nzima, na ya wiki nzima, iwe upande wako.

Mwaka 2016 watafiti wa Italia wakiongozwa na Tatiana Moro walichukua wanaume 34 wazoefu wa vyuma na kuwagawa. Upande mmoja walikula saa saba mchana, saa kumi jioni na saa mbili usiku, basi. Upande wa pili walikula milo yao mitatu kuanzia asubuhi kama kawaida. Chakula kwa jumla kilikaribiana, protini ilitosha pande zote, mazoezi yalikuwa yale yale. Baada ya wiki nane waliofunga walikuwa wamepunguza mafuta kama kilo 1.6, misuli ipo, nguvu zipo. Ila testosteroni yao ilishuka, na ikashuka pia IGF-1, homoni inayofanya kazi bega kwa bega na hiyo homoni ya ukuaji inayosifiwa sana. Wauza programu za kufunga mtandaoni hulisoma jedwali la mafuta na kuliruka hilo la homoni.

Sasa linganisha na utafiti wa Grant Tinsley wa Marekani, uliochapishwa 2017. Vijana wa kiume wapya kwenye vyuma, wiki nane, na siku ambazo hawakufanya mazoezi walikula ndani ya saa nne tu, chochote walichotaka. Waliokula kawaida waliongeza zaidi ya kilo mbili za mwili usio mafuta. Waliofunga hawakuongeza, ingawa nguvu zao zilipanda. Protini yao ilikuwa kama gramu moja tu kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Miaka miwili baadaye Tinsley huyo huyo alirudi na wanawake wazoefu wa mazoezi, wakila kati ya saa sita mchana na saa mbili usiku, safari hii protini ikisimamiwa. Waliofunga wakajenga misuli sawa na wasiofunga.

Ukiziweka tafiti hizi pamoja, tofauti inajionyesha. Muda mfupi wa kula si tatizo lenyewe. Tatizo ni kwamba ukifupisha muda bila mpango, kinachopotea kwanza ni protini.

Na hapa kwetu inapotea upesi sana. Hii ndiyo siku ninayoikuta mara nyingi kwenye daftari za wateja: saa saba mchana wali maharage, jioni baada ya jimu chipsi mayai, saa mbili usiku ugali na kipande cha samaki na mchicha. Tumbo limejaa, kalori zipo. Ukijumlisha protini, mara nyingi haifiki gramu 80. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2018, uliokusanya tafiti 49, uliona faida ya kuongeza protini kwa watu wa vyuma ikifika kikomo kwenye wastani wa gramu 1.6 kwa kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 75 hapo anahitaji 120. Anapungukiwa gramu 40 na zaidi kila siku, halafu analaumu kufunga.

Gramu 120 kwa milo mitatu ni 40 kila mlo, na hazihitaji kopo la unga wa protini kutoka nje. Mayai manne yana kama 24, ongeza nusu lita ya mtindi yenye kama 16, mlo wa kwanza umekamilika. Mlo wa pili, gramu 150 hivi za nyama ya kuku iliyopikwa, bila mfupa. Wa tatu, bakuli kubwa la maharage, kama robo kilo yakiwa yameshaiva, pamoja na dagaa. Nina mapenzi na dagaa, nakiri. Dagaa mkavu zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, anauzwa kila soko, na akisagwa unga wake unaingia kwenye mchuzi wowote bila mtu kukuuliza unafanya diet gani. Ugali ubaki, punguza tonge mbili tatu kama unataka kukata kitambi, lakini usiutoe siku za mazoezi ya miguu.

Kuna wanaosema mwili hautumii zaidi ya gramu 30 za protini kwa mlo, zinazozidi zinapotea. Mwaka 2023 watafiti wa Maastricht, Uholanzi, walimaliza sehemu kubwa ya ubishi huo: waliwapa watu gramu 100 kwa mkupuo baada ya mazoezi, na mwili ukaendelea kuzitumia kujenga kwa zaidi ya saa 12. Hata hivyo sipendekezi mlo mmoja kwa siku. Kuna utafiti wa 2013 ambao wanaume wazoefu walipewa gramu 80 zilizogawanywa kwa njia tatu katika saa 12 baada ya mazoezi, na gramu 20 kila baada ya saa tatu ndizo zilizochochea ujenzi zaidi kuliko mgao mwingine. Sababu yangu nyingine ni ya mezani zaidi: sijaona watu wengi wanaoweza kuketi mara moja wakamaliza gramu 120 za protini na wakatamani kurudia kesho.

Jambo ninalolikemea ni ratiba. Mtu anafika jimu saa kumi na mbili asubuhi ili akwepe foleni, ananyanyua mpaka mikono inatetemeka, kisha anasubiri saa sita mchana ndipo ale. Saa tano nzima ameuacha msuli ukiwa umeshachokozwa na hauna cha kujengea. Kama asubuhi ndiyo nafasi yako pekee, sogeza saa za kula: anza saa mbili asubuhi, funga saa kumi jioni. Ni kweli chakula cha usiku na familia kitakupita, na kwa wengi hilo peke yake linatosha kuamua kwamba mfungo huu si wao. Mwenye nafasi ya jioni afanye mazoezi saa kumi au kumi na moja, huku ameshakula mara moja au mbili na mlo mkubwa unamsubiri nyumbani.

Ramadhani ni habari tofauti, kwa kuwa hakuna maji. Hapa karibu na ikweta mchana wa mfungo haubadiliki sana mwaka hadi mwaka, ni saa 13 na kidogo, lakini joto la Dar, Mombasa au Unguja halina huruma. Watafiti wa Tunisia waliwafuatilia wajenga mwili 16 mwezi mzima wa Ramadhani, nusu wakifanya mazoezi wakiwa wamefunga, nusu usiku baada ya kufuturu. Uzito na misuli havikutofautiana. Vipimo vya mkojo na damu vya waliofanya mazoezi wakiwa wamefunga ndivyo vilivyoonyesha upungufu wa maji. Kwa hiyo mimi hupeleka mazoezi mazito baada ya tarawehe, na daku nataka iwe na mayai na maziwa, isiwe chai na maandazi tu. Seti zipungue bila wasiwasi. Utafiti wa Alabama, Marekani, wa 2011 ulionyesha vijana wakitunza ukubwa wa misuli kwa miezi kadhaa kwa sehemu moja ya tisa tu ya mazoezi waliyoanza nayo. Wazee walihitaji zaidi. Uzito wa chuma usishushwe sana, idadi ya seti ndiyo ipungue.

Kuhusu kusafisha seli: Yoshinori Ohsumi wa Japani alipata Nobeli ya 2016 kwa kueleza jinsi seli zinavyochakata takataka zake, na kazi yake ya msingi aliifanyia kwenye hamira. Ni sayansi nzuri mno. Haikuambii kuruka kifungua kinywa kutakupa kifua.

Vidonda vya tumbo naulizwa kila wiki. Visababishi vyake vikuu ni bakteria H. pylori na dawa za maumivu za aina ya diklofenaki na ibuprofeni. Njaa inaweza kukuamshia maumivu kama kidonda kipo tayari. Kinachonitisha ni vijana wa jimu wanaomeza diklofenaki tumbo likiwa tupu ili bega litulie wapate kupiga benchi presi. Kama unafunga, dawa hizo zisiguse tumbo tupu, na bega lipelekwe kwa daktari.

Mjamzito, anayenyonyesha, aliye chini ya miaka 18, na aliyewahi kusumbuliwa na tabia ya kujinyima chakula, wote wasifunge kwa sababu ya jimu. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari azungumze na daktari wake kabla ya kugusa ratiba ya milo. Na wewe mwembamba unayehangaika kuongeza mwili, unayeshiba baada ya sahani moja: kula asubuhi. Mfungo unamfaa mwenye kitambi anayeona nafuu kula mara chache kuliko kupima kila kijiko. Baada ya wiki nne angalia daftari lako la mazoezi. Kama skwati na benchi presi zimesimama au zinapanda huku mkanda unalegea, endelea. Zikishuka, ongeza mlo mmoja wa protini kwanza. Zikiendelea kushuka, ongeza saa za kula.