"Kwani hamnioni kwenye kompyuta?"

Hilo ndilo jibu wanalonipa wazungumzaji wengi wa Kiswahili hapa Marekani wanapopiga 911, namba ya dharura, nami ninayepokea simu nikawauliza tukio liko wapi. Wengine hulisema kwa ukali, wakidhani nawapotezea muda huku nyumba inaungua. Nimelisikia mno, na leo nataka tulimalize.

Hatukuoni. Ukipiga kwa simu ya mkononi, mara nyingi kinachotangulia kwenye skrini yangu ni anwani ya mnara ulioibeba simu yako, na mnara unaweza kuwa mbali kabisa na ulipo, hata ng'ambo ya mpaka wa kaunti. Sekunde chache baadaye kompyuta huuliza tena mtandao na kuletewa nukta iliyozungukwa na duara. Wageni wakija kituoni huikodolea macho ile nukta. Mimi natazama duara, maana unaweza kuwa popote ndani yake. Kanuni za FCC, tume ya serikali inayosimamia mawasiliano Marekani, zinazitaka kampuni za simu zifikie usahihi wa mita 50 kwa asilimia 80 ya simu za mkononi zinazopigwa 911. Pigeni hesabu wenyewe: duara lenye nusu kipenyo cha mita 50 ni kubwa kuliko uwanja wa mpira, na katika kila simu tano, moja inaruhusiwa kuwa nje ya hapo. Sasa liweke duara hilo juu ya majengo ya apatimenti ya ghorofa tatu, yanayofanana hadi rangi ya milango. Askari agonge mlango upi?

Simu mpya, za Android na iPhone, zinatuletea mahali sahihi zaidi kuliko mnara, na zimeokoa watu. Ila namba ya mlango hazituletei.

Kisha kuna CAD, programu tunayoandikia tukio. Nikiingiza anwani, inailinganisha na orodha ya mitaa ya eneo letu, na ikishaikubali inajua ni ya kituo gani cha zimamoto na magari gani yako karibu. Ukiniambia "niko Oak" tu, inaweza kuniletea Oak Street, Oak Avenue na Oak Court, kila moja upande wake wa mji. Hapo lazima nikuulize tena, na kukasirika hakutusaidii sote wawili.

Wanaopiga kwa wifi ndio wanaonitia hofu zaidi. Simu ya namna hiyo inaweza kuja na anwani uliyoiandikisha ulipowasha huduma hiyo. Umehama Texas ukaenda Iowa bila kuibadilisha? Skrini inaweza kunionyesha Texas. Ingieni kwenye mipangilio ya simu leo hii mkairekebishe.

Halafu andikeni anwani kamili kwa herufi kubwa mkaibandike kwenye friji: namba ya nyumba, jina lote la mtaa, herufi ya jengo, namba ya apatimenti, namba ya kufungulia geti. Mtoto ajue kuisoma. Na bibi aliyefika juzi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu naye aelekezwe ilipo, kwa sababu mchana ninyi mkiwa kazini, yeye ndiye anabaki na wajukuu. Mkiwa barabara kuu, someni kibao kidogo cha maili kilicho kando ya njia na mniambie mlikuwa mnaelekea wapi.

Wengine wanaamini maswali yangu yanalichelewesha gari. Katika vituo vingi vikubwa anayepokea simu si anayezungumza na magari kwenye redio. Ninachoandika kinatokea kwenye skrini ya mwenzangu papo hapo, na zimamoto wanaweza kuwa wameshatoka wewe ukiwa bado unanijibu. Maswali yanayofuata ni ya hao walio njiani: kuna mtu ndani? Kuna silaha?

Kompyuta ndiyo inayochagua gari? Inapendekeza tu, ikifuata GPS za magari. Mtu ndiye anayeamua, kwa kuwa ndiye anayejua daraja gani limefungwa.

Simu ya zamani isiyo na laini mnayompa mtoto achezee bado inaweza kupiga 911, ikiwa na chaji na mtandao wowote ukiwa karibu. Ikikatika sina namba ya kukupigia. Itoeni betri, au mpeni mtoto kitu kingine cha kuchezea.

Na msikae kimya kwa kuogopa Kiingereza. Taja anwani kwanza, kisha sema "Swahili". Vituo vingi huunganisha mkalimani kwenye simu hiyo hiyo. Kutakuwa na ukimya kidogo, usikate. Hata ukipiga kwa bahati mbaya usikate: baki, useme umekosea, vinginevyo tutaanza kukupigia wewe badala ya kupokea anayefuata.