Kupanda bila kutifua si kuacha kulima

Kwa mara ya tatu msimu huu nimesikia, safari hii katika duka la pembejeo huku Njoro, mtu akieleza "kilimo bila kulima" kuwa ni kumwaga mbegu za ngano juu ya magugu na kungoja mvua. Maana yake halisi ni fupi: mbegu hupandwa kwa mashine inayopasua mfereji mwembamba katika udongo usiopigwa plau wala haro, na mabua ya msimu uliopita huachwa juu yawe matandazo.

Nadhani kosa limo katika jina lenyewe. Kilimo kimezaliwa na kitenzi lima, kwa hiyo "kilimo bila kulima" ni sawa na kusema mapishi bila kupika. Lima ni neno kongwe la Kibantu, ndiyo maana Mkikuyu husema kũrĩma na Mluhya okhulima. Kwa maana finyu ni kuvunja ardhi kwa jembe, na kwa maana pana ni kazi yote ya shamba. Aliyebuni jina hilo alikusudia maana finyu, nasi tukasikia ile pana. Kutifua, kwa upande wake, ni kuulegeza na kuugeuza udongo tu, na hicho ndicho kilichoachwa.

Kupalilia ni jambo jingine kabisa. Neno hili lina asili yake katika paa, yaani kukwangua, lile lile la kupaa samaki magamba. Aliyeweka plau kando hajasamehewa palizi; amepoteza tu palizi ya bure aliyokuwa akipata plau ilipofukia magugu. Sasa magugu yaliyokwisha kuota huuawa kwa dawa kabla ya kupanda, yakiwa mabichi na yanakua. Dawa yenyewe, glaifosati, hudhoofika ikichanganywa na maji ya tope au ikipulizwa kwenye majani yaliyojaa vumbi. Anayetumia dawa hiyo moja kila msimu, bila kubadilisha ngano na maharagwe au kanola (zao la mbegu za mafuta), hatimaye hujichagulia magugu sugu, hasa yale ya jamii ya nyasi yanayofanana na ngano yenyewe.

Mbolea nayo haikusamehewa. Katika shamba la mzee mmoja wa Mau Narok nilifunua mabua kwa kidole nikakuta chembe za yurea zimenasa juu yake, nusu zimeyeyuka kwa umande, hazijagusa udongo. Yurea ina asilimia 46 ya naitrojeni, lakini juu ya mabua yenye unyevu sehemu yake hugeuka amonia na kupotea hewani. Tena vijidudu vinavyoozesha mabua ya ngano huihitaji naitrojeni hiyo hiyo, vikaiacha ngano changa ikiwa ya manjano. Ndiyo sababu mbolea ya kupandia huteremshwa na mashine chini, kando kidogo ya mbegu, na ya kukuzia hutiwa mvua inapokaribia, ili iioshe hadi kwenye udongo.

"Lakini si uliniambia hakuna kulima?" mzee aliniuliza. Nilimwambia, "Mzee, ulichoacha ni kutifua. Palizi na mbolea bado ziko mikononi mwako, ila wakati wake na mahali pake ndivyo vilivyobadilika."