Si Kila Gogo Karura ni Msiba

Kila mikaratusi inapoangushwa Karura, msitu ulio ndani ya jiji la Nairobi, simu yangu hujaa picha za magogo na swali lile lile: "Mbona mnamaliza msitu?" Jamani, mikaratusi si msitu wa Karura. Ni shamba la kuni lililopandwa ndani ya msitu.

Hasira hiyo najua ilikotoka. Januari 1999 Wangari Maathai alipigwa hapa hapa akajeruhiwa kichwani, alipokuja kupanda miti kwenye ardhi ya umma iliyokuwa imegawiwa watu binafsi. Mji uliopitia hayo una haki ya kushtuka ukisikia msumeno. Kinachonikera ni kupiga picha bila kutazama ni mti gani umelala chini.

Karura ni hekta 1,041, na ilitangazwa msitu wa hifadhi mwaka 1932. Mikaratusi ililetwa nchini mapema zaidi, mwaka 1902, ili reli ipate kuni za garimoshi. Tangu mwanzo ilipandwa ikatwe.

Ukija, baiskeli iache kwanza, tembea. Simama katikati ya mikaratusi utazame chini: magome makavu, jua tele, na lantana, kichaka cha kigeni kinachovamia. Halafu shuka bondeni kuelekea maporomoko. Huko miti ni ya kila kimo, mitambaazi imening'inia, na miche inachipua kivulini bila kupandwa na mtu. Okota jani la mukinduri, mti wa asili wa hapa, uligeuze. Upande wa chini unang'aa kama fedha. Ukinyamaza kidogo utawasikia hondohondo, na pengine funo akatize njia. Kima utawaona tu, usiwalishe. Chupa za plastiki za kutumika mara moja ziache nyumbani, zimekatazwa kwenye hifadhi tangu Juni 2020.

Ila mti ninaotaka uujue ni muhugu. Huu na mukinduri ndio uliokuwa msitu wa Nairobi kabla ya Nairobi kuwepo. Mbao zake ni ngumu mno: zimetengeneza mataruma ya reli, sakafu za nyumba za watu wenye pesa, na vinyago visivyohesabika. Nao hukua polepole kupita kiasi. Kuna muhugu dume na muhugu jike, kwa hiyo mti ulio peke yake hauzai. Hata jike akizaa, mbegu nyingi huwa tupu au zimeliwa na wadudu. Ndiyo maana kitaluni utapata miche tele ya miti inayoota haraka, na ya muhugu michache. Siku za kupanda miti watu huja na fulana mpya na kamera, tunafurahi, tunapanda kile kilichoota. Nina wasiwasi kwamba tunajenga msitu wa miche rahisi, na sijaona anayelisema hilo kwenye hotuba.

Wala simaanishi mikaratusi ing'olewe yote kwa mpigo. Ukifungua anga ghafla, lantana hutangulia, na miche ya asili husongwa ikafa. Mikaratusi mizee mara nyingi hulea chini yake miche ya kienyeji ambayo mbegu zake zimeletwa na ndege. Kule Durban, Afrika Kusini, tai wa msituni hujenga viota kwenye mikaratusi mirefu. Mimi ningekata kidogo kidogo, na baadhi ningeiacha izeeke. Wako wenzangu wanaoona huko ni kupoteza muda, na hoja yao ina uzito: kila mwaka wa kusubiri, mikaratusi inaendelea kunywa maji mengi na kumwaga mbegu.

Basi ukikuta gogo, lisogelee. Gome laini linalobanduka vipande virefu, na jani linalonukia dawa ya mafua ukilifikicha, huo ni mkaratusi. Endelea na matembezi yako. Gome la kijivu lenye mifereji ya wima, na jani lenye weupe wa manyoya mafupi upande wa chini, huo ni muhugu. Hapo piga picha, andika mahali ulipo, na uwaite askari wa msitu papo hapo.