Setilaiti kuruka si mradi kukamilika

Kila setilaiti ya kijeshi ya Marekani ikifika angani salama, hutokea mtu akaandika kwamba mradi umefanikiwa, sasa wakaguzi wawaache wahandisi wapumue. Safari hii aliyeandika ni mtu anayejua vizuri tofauti ya LEO, mzingo wa karibu na dunia, na GEO, mzingo wa mbali ambako setilaiti huonekana imesimama mahali pamoja, na hilo ndilo lililonikera. Mradi wa anga una sehemu tatu: chombo, mitambo ya ardhini na kipokezi cha mtumiaji. Ikikosekana moja, askari hana kitu.

Tuanze na GPS. Setilaiti ya kwanza yenye M-code, ishara ya kijeshi inayostahimili kuvurugwa, ilirushwa Septemba 2005. Mkataba wa OCX, mfumo mpya wa kuongoza GPS na ishara hiyo kutoka ardhini, ulitolewa 2010. Mwaka 2016 gharama zake zikavuka kizingiti cha Nunn-McCurdy, sheria ya Marekani ya kudhibiti gharama za miradi ya kijeshi. Kikosi cha Anga za Juu cha Marekani kiliupokea mfumo huo Julai 2025. Katikati hapo, setilaiti ya kwanza ya kizazi kipya, GPS III, iliruka Desemba 2018, ikabidi mfumo wa zamani utiwe viraka ili uweze kuiendesha. Setilaiti hiyo imeundwa kuishi miaka 15, na saa ya uhai wake haisimami kusubiri programu ya ardhini.

Tazama kwa karibu L5, ishara ya GPS ya matumizi ya kiraia. Ndani ya ujumbe wake mna biti ya afya, na kwa miaka mingi biti hiyo imewekwa kusema ishara "si nzima". Antena ni nzima, saa ya atomi ni nzima. Ardhini ndiko kulikokosekana uwezo kamili wa kuifuatilia ishara hiyo. Simu inayopokea masafa mawili ya redio pale Mombasa inaweza kuidaka na kuitumia. Kipokezi cha ndege kinachofuata kanuni lazima kiiache. Chombo kilicholipiwa kinatangaza chenyewe kwamba kisitumiwe, na bado kwenye ripoti kinahesabiwa kuwa kimekabidhiwa.

SBIRS, setilaiti za kugundua makombora, ni hadithi ileile. Ya kwanza ya GEO iliruka Mei 2011 ikiwa na vihisi viwili: kimoja kinafagia eneo pana, kingine kinakodolea macho sehemu moja bila kupepesa. Programu ya ardhini ya kunufaika kikamilifu na hicho cha pili ilichelewa kwa miaka kadhaa.

Kwa nini hurudiwa? Jibu la haraka ni "urasimu". Ni kweli kwamba mwaka 2016 ofisi ya ukaguzi ya Kongresi, GAO, ilihesabu taasisi 60 hivi zenye mkono katika ununuzi wa vyombo vya anga vya kijeshi. Lakini wingi peke yake hauelezi kitu. Angalia MUOS, mawasiliano ya simu za askari. Setilaiti zilikuwa chini ya Jeshi la Majini, redio za kubeba mgongoni chini ya Jeshi la Nchi Kavu. Bajeti mbili, ratiba mbili, wakuu wawili. Kila mmoja alipita kwenye mapitio yake. Setilaiti zikaanza kuruka 2012, nazo redio zikachelewa, na sehemu kubwa ya uwezo mpya ikakaa bila mtumiaji. Hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuchukua fedha za upande mmoja kuokoa upande wa pili, na hapo ndipo uangalizi unapovunjika.

Nunn-McCurdy nayo husomwa vibaya. Gharama ya kipande kimoja ikipanda asilimia 15 juu ya makadirio, Kongresi hujulishwa. Ikifika 25, mradi hufutwa isipokuwa Waziri wa Ulinzi athibitishe kwamba unahitajika. Sheria nzuri, lakini inapima gharama ya mradi mmoja mmoja. Setilaiti ikiwa mradi wake na kipokezi kikiwa mradi wake, zote mbili zinaweza kuwa ndani ya mipaka huku mfumo mzima haufanyi kazi.

Na kuwaondoa wakaguzi kulishajaribiwa. Miaka ya 1990 mkandarasi alikabidhiwa wajibu wa mfumo wote, serikali ikapunguza wahandisi wake. SBIRS ilizaliwa wakati huo. Mwaka 2010 injini kuu ya setilaiti ya kwanza ya AEHF, mawasiliano ya kijeshi, ilikataa kuwaka, na maelezo yaliyopewa uzito zaidi ni kipande cha kitambaa kilichosahaulika ndani ya bomba la mafuta kiwandani. Ilibidi chombo kipandishwe kwa injini ndogo, na kilifika kwenye mzingo wake baada ya miezi 14. Kamati ya Washington haiwezi kukiona kitambaa kile. Anayeweza ni mkaguzi aliyesimama kando ya bomba na orodha ya kila kizibo kilichoingia na kutoka.

Ninachotaka kwenye ukurasa wa kwanza wa kila mapitio ni tarehe tatu, kila moja na jina la anayewajibika: programu ya ardhini kupita jaribio la mwanzo hadi mwisho kwa data halisi, vipokezi vya kutosha kikosi kimoja kufika mikononi, kisha kurusha. Pengo kati ya tarehe hizo likizidi mwaka mmoja, mapitio yasiendelee hadi lielezwe. Mwaka 2022 Frank Calvelli, aliyesimamia ununuzi wa anga, aliweka kanuni inayofanana: ardhi kwanza, roketi baadaye.

Hapa lakini nina shaka ya kweli. Programu ikiandikwa mapema mno, kiunganishi chake na chombo hubadilika na sehemu yake huandikwa upya. Tena setilaiti za zamani hufa kwa ratiba yake zenyewe; kundi la GPS likipungua kiasi cha kuhatarisha huduma, utairusha mpya hata ardhi haijawa tayari. Sijui mpaka wa ruhusa ya kurusha hivyo uchorwe wapi. Najua tu kwamba anayeitoa aandike jina lake, aandike uwezo upi utalala na kwa miezi mingapi, na karatasi hiyo ifike Kongresi kabla ya siku ya kurusha.