Huntha: Kisu Kingoje, Chumvi Haingoji

Bibi aliyekuja kituoni kwetu Wete, Pemba, mwezi uliopita na mjukuu huntha, yaani aliyezaliwa na maumbile ambayo si ya kike wala ya kiume waziwazi, hakuifunua kanga mpaka mlango ulipofungwa. "Mwanangu, nitafutie daktari amkate, awe mmoja kabla ya arobaini." Kauli hiyo naisikia tangu nianze ukunga, na imeshanichosha. Mtoto alikuwa na siku 13. Alizaliwa na kilo 3.1, mzani wangu ukasema 2.6. Anatapika, midomo mikavu, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Nyumba nzima imeshughulishwa na kilicho katikati ya mapaja, hakuna aliyeona kuwa mtoto anakwenda.

Basi nianze na hiyo: eti jambo la haraka ni operesheni. La haraka ni chumvi.

Mtoto mwenye kromosomu XX, yaani za kike, akizaliwa na maumbile yasiyoeleweka, mara nyingi sababu ni tezi za adrenali, zile zilizokaa juu ya figo. Zinashindwa kutengeneza kotisoli, homoni ya kuhimili maradhi, na kwa wengi wao hata homoni ya kushika chumvi mwilini. Malighafi yote inakimbilia homoni za kiume, kinembe kinakua hadi kufanana na uume. Ndani ana kizazi na mayai kama dada zake. Chumvi inatoka na mkojo, potasiamu inapanda, na balaa hufika wiki ya pili au ya tatu, ndani ya arobaini hiyo hiyo mnayomfichia. Tiba ni dripu na haidrokotizoni, dawa ya kuziba pengo la kotisoli, kisha vidonge kila siku maisha yote. Kaka yake mwenye ugonjwa huo huo huzaliwa na maumbile ya kawaida kabisa, akafa watu wakasema kijicho.

Wosia wangu, nitaurudia mpaka nistaafu: fungueni nepi siku ya kwanza mtazame, halafu mzani kila baada ya siku mbili mpaka arobaini itoke. Akika yenu siku ya saba fanyeni, lakini mtoto apimwe.

Kama mkojo umeziba, sawa, apasuliwe. Kupunguza ili macho ya wakubwa yaridhike ni jambo la kungoja mwenyewe akue aseme. Kilichokatwa hakirudi, na hisia zake pia.

Wazazi huniuliza, "Na sheha wa mtaa tutamwandikia nini, mume au mke?" Hapo huwasimulia habari za Sally Gross, huntha wa Afrika Kusini. Alizaliwa Cape Town mwaka 1953, familia ya Kiyahudi, maumbile yana utata, akaandikwa mwanamume. Akaingia ANC, chama kilichopigania ukombozi wa Afrika Kusini, akakimbilia uhamishoni mwaka 1977. Alishabatizwa Mkatoliki, Uingereza akajiunga na Wadominika, shirika la watawa, akawa padri mwaka 1987. Miaka ya 1990 vipimo vilipothibitisha kuwa ni huntha, naye akaanza kuishi kama mwanamke, upadri akavuliwa. Kutafuta hati Afrika Kusini, akaambiwa afanyiwe kwanza upasuaji wa sehemu za siri. Akakataa, na hati akapata. Akaanzisha jumuiya ya huntha nchini mwake, na kwa juhudi zake sheria ya usawa ikarekebishwa mwaka 2005 ili neno jinsi liwaingize na huntha. Alifariki Februari 2014.

Mwalimu mmoja kutoka bara, Mkristo, alinisikia nikisimulia akasema, "Huyo si alijigeuza tu?" Mtu aliyebadili jinsia kwa kawaida mwili wake ulizaliwa bila utata, nafsi ndiyo haikubaliani na alivyoandikwa. Huntha utata umo mwilini. Gross mwenyewe alijiita huntha, na neno la mwenyewe linanitosha.

Mwalimu hakunyamaza, akanitolea Mwanzo 1:27: mwanamume na mwanamke aliwaumba. Aya hiyo ndiyo Gross aliyoiandikia makala mwaka 1999, akaisoma kwa Kiebrania, akawakumbusha watu kuwa wako marabi wa kale waliosema Adamu aliumbwa mume na mke ndani ya mwili mmoja. Alikuwa na sababu: wapo Wakristo waliomwambia kwamba asiye mume wala mke hatimizi sharti la ubinadamu, hivyo ubatizo wake hausihi. Na sisi Waislamu tusijifanye wageni. Fiqhi ya Kishafi tunayosomeshwa ina huntha mushkili, yule asiyebainika ni mume au mke: asimame safu gani, arithi fungu gani. Wanazuoni hawakuhangaika na hukumu za mtu asiyekuwepo.

Eti huntha ana viungo viwili kamili na anaweza kujipa mimba. Hapana. Nani kawaambia?

Eti mama alimcheka huntha alipokuwa na mimba. Ugonjwa huu wa tezi hurithiwa kwa wazazi wote wawili, kila mimba nafasi 1 kati ya 4, na binamu wakioana nafasi ya wote wawili kuubeba huongezeka. Mama mkwe anayemsimanga mke wa mwanawe ajue mwanawe naye katoa nusu.

Yule mtoto tulimtundikia dripu usiku ule ule, kulipokucha akapelekwa Unguja. Jana bibi alinipigia simu: vidonge avisagie kwenye maziwa ya mama kijiko kimoja au viwili? Kimoja, nikamwambia, ili amalize. Habari ya kukata hakuitaja. Nyuma yake nilisikia sauti ya mwanamume ikiuliza nimesema nini.