Anayebeba Mzigo Naye Hula: Dhana Potofu kuhusu Ulinzi wa Mipaka na Ugavi wa Majeshi

Wengi huamini kwamba ngome ya mpakani hujengwa ili adui asipite kamwe, na kwamba siku akipita, fedha na jasho vimekwenda bure. Mfano unaotolewa mara kwa mara ni Mstari wa Maginot, ngome ambazo Ufaransa ilianza kuzijenga kwenye mpaka wake na Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1920, na ambazo hazikuiepusha na kushindwa mwaka 1940. Walioupanga, hata hivyo, hawakukusudia kuizungushia nchi ukuta. Ufaransa ilikuwa na watu wachache kuliko Ujerumani, kwa hiyo ilitaka askari wachache waweze kuushikilia mpaka huo, jeshi lipate muda wa kuwaita askari wa akiba, na adui alazimike kupitia Ubelgiji, ambako vikosi bora vya Ufaransa vingemkabili. Kwa kipimo hicho ngome zilifanya kazi yake, kwa kuwa shambulio kuu liliziepuka. Kosa lilifanyika kwingine: Mei 1940 Jeshi la Saba la Ufaransa, ambalo lingeweza kubaki nyuma kama akiba, lilipelekwa mbali kaskazini kuelekea Breda nchini Uholanzi, huku Wajerumani wakipenya misitu ya Ardennes na kuvuka mto Meuse huko Sedan tarehe 13 ya mwezi huo. Pengo lilipofunguka, hapakuwa na nguvu ya kutosha ya kuliziba. Mtu anayeupima ulinzi wa mpaka kwa unene wa zege peke yake huacha swali zito zaidi, yaani akiba iko wapi na itafika baada ya saa ngapi.

Kwa sababu hiyo hiyo, si kweli kwamba mpaka mzuri ni ule unaolindwa kwa nguvu sawa kila mahali. Adui huchagua mahali pamoja pa kukusanya nguvu zake, na aliyewatawanya askari wake sawasawa atazidiwa hapo hapo.

Upande wa ugavi, dhana inayopotosha zaidi ni kwamba jeshi lenye maghala yaliyojaa haliwezi kukosa mahitaji. Ugumu uko safarini, kwa maana kila anayebeba mzigo naye hula. Katika vita vya 1914 hadi 1918 Afrika Mashariki, mbung'o na maradhi viliwaua farasi na ng'ombe, mizigo ikabaki vichwani mwa wapagazi. Tuchukue hesabu ya mfano: mpagazi amebeba kilo 25 za chakula na anakula kilo 1 kwa siku. Akitembea siku 10 kwenda na 10 kurudi, atahitaji kilo 20 kwa ajili yake mwenyewe, na askari walio mbele watapata kilo 5. Safari ikifika siku 13 kwa upande mmoja, hakuna kinachobaki. Vita vilipozidi kusogea mbali na reli na bandari, mpagazi ndiye aliyelipa kwa mwili wake, na makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa maradhi na lishe duni. Simulizi za vita hivyo bado huwapa nafasi ndogo mno kuliko wanayostahili.

Malori hayakuifuta hesabu hiyo, kwani nayo huchoma mafuta yale yale yanayohitajika mbele. Wala kuiteka bandari si sawa na kuitumia: Antwerp, bandari ya Ubelgiji, ilikombolewa tarehe 4 Septemba 1944 ikiwa karibu nzima, lakini Wajerumani walikuwa bado wameshikilia mlango wa mto Scheldt, njia ya meli ya kuifikia bandari hiyo, na msafara wa kwanza wa meli za mizigo uliingia tarehe 28 Novemba.

Imebaki dhana kwamba baridi ya Urusi ndiyo iliyoliangamiza jeshi la Napoleon, mfalme mkuu wa Ufaransa aliyeivamia nchi hiyo. Zaidi ya watu 400,000 walivuka mto Niemen, uliokuwa mpaka wa Urusi, kuanzia Juni 1812, na katika wiki za kwanza tu farasi walikufa kwa maelfu kwa mvua, uchovu na malisho mabaya, mikokoteni ya vyakula ikakwama, na maradhi ya kuhara damu pamoja na taifasi, homa inayoenezwa na chawa, yakawashika askari. Wengine wengi waliachwa njiani kulinda njia yenyewe ya ugavi. Walioingia Moscow katikati ya Septemba walikuwa takriban 100,000, na theluji nzito ilikuwa bado haijaanguka.