Je, wajua kwa nini mhudumu huweza kugundua hatari ambayo kamera haikuitambua?

Mtu anayepanga kushambulia au kuiba mahali penye ulinzi kwa kawaida hutangulia kupachunguza: kamera zimeelekezwa wapi, walinzi hupokezana zamu saa ngapi, mlango upi huachwa wazi mizigo inaposhushwa. Hapo ndipo anapojifichua, kwa kuwa hulazimika kufanya mambo ambayo mteja hana haja nayo. Kamera hurekodi yote, lakini mhudumu anayeshinda hapo kutwa anajua wateja huuliza nini, hivyo hushangazwa na mtu anayetaka kujua jengo hufungwa na nani usiku ilhali hajauliza hata bei.

Mwaka 2004, jijini London, wafanyakazi wa ghala la kukodisha walitilia shaka mbolea ya amoniamu naitreti, takriban kilo 600, iliyohifadhiwa na mteja mmoja. Mbolea ni bidhaa halali. Kilichowashangaza ni wingi wake ndani ya chumba cha kukodi mjini. Wakawaarifu polisi, ambao waliibadilisha kwa siri wakaweka kitu kisicholipuka, na mwaka 2007 watu 5 wakahukumiwa kifungo cha maisha kwa njama ya kulipua mabomu.

Tangu Februari 2021, sheria ya Umoja wa Ulaya inawataka wauzaji wa kemikali zinazoweza kutengenezea vilipuzi watoe taarifa ndani ya saa 24 wanapoutilia shaka ununuzi, kwa mfano mnunuzi anaposhindwa kueleza matumizi yake, anapokataa kuonyesha kitambulisho, au anaposhikilia kulipa fedha taslimu nyingi. Dalili zote hizo ni matendo. Hakuna hata moja inayohusu rangi, dini wala mavazi ya mtu, na naamini hili ndilo jambo ambalo kila mwajiri anapaswa kulifundisha kwanza. Mjini Manchester, mwaka 2017, mlinzi kijana wa ukumbi wa tamasha aliyeonywa kuhusu mtu mwenye begi kubwa alisita kwa kuhofia kuitwa mbaguzi, na alipojaribu redio hakukipata chumba cha udhibiti. Mtu huyo alijilipua na kuua watu 22.

Mfanyakazi akiwa na shaka, amsogelee mtu huyo kwa heshima na kumuuliza, "Naweza kukusaidia?" Mteja wa kweli hufurahia msaada, ilhali aliyekuja kupachunguza kwa nia mbaya hutambua kwamba ameonekana. Jibu lisiporidhisha, asimfuate wala kumzuia, bali aandike saa, alichokiona na namba ya gari, kisha amwarifu msimamizi aliyeteuliwa kwa kazi hiyo, au polisi moja kwa moja iwapo hatari i karibu.